Kuku wa Kienyeji, Mbwa wa Kienyeji

(Hotuba ya daktari wa mifugo kwa wakazi wa mtaa mmoja wa Nairobi, katika wiki ya Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani)

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, vijana, na nyinyi watoto mlioahidiwa soda ndipo mkaja: hamjambo? Hamjambo tena?

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema nina dakika ishirini na mada ni "tatizo la mbwa mtaani". Nikamuuliza, la mbwa au la wenye mbwa? Akacheka, akaniambia niseme yote mawili mradi nisitaje nyumba ya mtu. Sitataja. Ila nimekuja kwa miguu kutoka barabara kuu, na njiani nimepita mageti kumi na moja yenye kibao cha MBWA KALI. Mwalimu wangu wa Kiswahili wa darasa la sita angeyapitia yote na chaki, atie ile m iliyokosekana. Basi, sarufi tuiache. Katika mageti hayo kumi na moja nilisikia mbwa akibweka kwenye mawili tu. Huku nje, kati ya jalala na kibanda cha mama mboga, nilihesabu mbwa tisa. Hao hawana kibao.

Ni hao tisa walionileta hapa.

Lakini nianze na kuku. Hapa ukumbini, nani hulipa zaidi kwa kuku wa kienyeji? Naona mikono. Tunamsifu: ana ladha, ana nguvu, hashindwi na baridi, anajitafutia. Mgeni wa heshima akija nyumbani, ukimchinjia broila atakula, lakini atajua. Ng'ombe wa kienyeji naye tunamheshimu, tunasema hata mwaka wa ukame atabaki amesimama. Akifika zamu mbwa, mwenye sifa zile zile neno kwa neno, tunamwita koko. Tunamwita shenzi. Tunamwokotea jiwe.

Hilo neno shenzi lina safari yake, na nataka tuisafiri kidogo.

Huko Kongo, kwenye misitu ya kaskazini mashariki, kuna wawindaji ambao tangu zamani hufuga mbwa mdogo, mwembamba, mwenye masikio yaliyosimama, paji la uso lenye makunyanzi kama mzee anayesoma barua ya deni, na mkia uliojikunja juu ya mgongo. Habweki kama wenzake; hutoa sauti kama ya mtu anayeimba pembeni kwa aibu. Hujilamba akajisafisha kama paka. Kwa kuwa hukimbiza windo kimyakimya, wawindaji humvisha njuga ya mti shingoni wapate kujua alipo. Wazungu walimpenda. Mwaka 1895 walimpeleka London kwenye maonyesho makubwa ya mbwa yanayoitwa Crufts. Wale wa kwanza walikufa kwa ugonjwa wa distempa. Wakajaribu tena na tena hadi mwaka 1937 walipofaulu kuwaonyesha mbwa waliotulia na kuzaa. Miaka ya arobaini chama cha Marekani cha kuandikisha mbwa kikamtia kwenye daftari lake. Leo yeye ni aina rasmi, ana vyeti, ana wazazi wanaojulikana kwa majina hadi vizazi vya nyuma, na kumnunua huko ni fedha za kuhesabu mara mbili.

Jina lake ni Basenji. Ni neno la Kilingala, kutoka mbwa na basenji. Nani anahitaji mkalimani hapo? Mbwa ni mbwa. Basenji ni washenzi. Mzungu akalichukua tusi lile lile tunalomtupia mbwa wa jalalani, akaliandika kwenye cheti kwa herufi kubwa, akatia bei.

Utaniambia, daktari, Basenji ni Basenji na huyu wa jalalani ni mchanganyiko tu, hata haijulikani alitoka wapi. Nilikuwa nikisema hivyo mimi mwenyewe, miaka ile nikihudumia ng'ombe Nyandarua na mbwa nikimwona kama kitu kinachonifukuza nikifika bomani. Mwaka 2009 ikatoka kazi ya wanasayansi waliopima damu ya mbwa wa vijijini 318 kutoka Misri, Uganda na Namibia. Je, hao ni mabaki tu ya mbwa wa kigeni waliozurura na kuzaana ovyo? Kweli wengine walikutwa hivyo. Lakini wengi walikutwa ni uzao wa hapa hapa, uliotokana na mbwa waliofika Afrika zamani sana na watu wao, kabla hakujawa na daftari wala maonyesho. Yaani huyu koko ana ukoo. Asichokuwa nacho ni karatasi.

Na kazi hiyo hiyo ikatoa kioja kingine. Kuna mbwa anaitwa Rhodesian Ridgeback, yule mwenye mstari wa manyoya yanayolala kinyume mgongoni. Kanuni za aina hiyo ziliandikwa Bulawayo, Zimbabwe ya leo, mwaka 1922, na kila anayemuuza atakuambia huyu ni mbwa wa Afrika, alikuwa akiwindia simba. Mstari ule wa mgongoni kweli unasemekana ulitoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi, wenyeji wa kusini mwa Afrika. Ila damu ilipopimwa, ikaangukia upande wa mbwa wa kigeni. Kwa hiyo mwenye sifa ya Uafrika ana damu ya ng'ambo, na mwenye damu ya Afrika analala mtaroni hapo nje.

Nimalizie Basenji. Kwa sababu wale waliofika ng'ambo walikuwa wachache, wakawa wanazalishana ndugu kwa ndugu, na magonjwa ya kurithi yakawaandama, mojawapo ugonjwa wa figo unaomfanya mbwa anywe maji bila kukata kiu. Wafugaji wa Marekani wakafanya nini? Mwaka 1987 na 1988 walipanda ndege wakaenda Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, wakazunguka vijijini wakitafuta mbwa wa wanakijiji ili waongeze damu mpya. Mwaka 1990 daftari likafunguliwa wakaingizwa. Mbwa wa vyeti aliokolewa na mbwa asiye na cheti. Nikifika hapo huwa nanyamaza kidogo, watu walitafakari.

Sasa msinielewe vibaya. Sina ugomvi na mbwa wa mbegu, hao wa aina zenye vyeti. Nimewahi kufuga German Shepherd miaka kumi na nilimlilia alipokufa. Lakini tujue hizi aina ni nini. Nyingi zilitengenezwa juzi tu. Chama cha kwanza cha kuandikisha mbwa kilianzishwa London mwaka 1873. Huyo German Shepherd mnayemsujudia, aina yake ilianza mwaka 1899, askari mmoja wa Ujerumani, Max von Stephanitz, alipomnunua mbwa wa mchungaji wa kondoo na kumwandika namba moja kitabuni. Alitaka mbwa wa kazi, atembee siku nzima nyuma ya kondoo. Sisi tunamchukua mbwa huyo, tunamfungia kwenye kibanda cha futi nne kwa futi nne, halafu tunashangaa kwa nini ametafuna mlango. Wengine wa aina yake hurithi ubovu wa nyonga; akifika miaka saba anainuka kama mzee mwenye baridi yabisi. Na wale wenye pua bapa, wa kina Bulldog, wanafurahisha kwenye picha lakini wakati wa joto wanahema kama mtu aliyepanda ngazi na gunia. Mkoroma huo mnaouona mzuri ni pumzi inayotafuta njia.

Anayetaka mbwa wa mbegu kwa dhati, East Africa Kennel Club ina daftari lake hapa Nairobi. Nenda ukamwone mama wa watoto, uone anaishije, uulize maswali hadi muuzaji akuchoke. Kinachonikera mimi ni mbwa wa barabarani, wale wanaouzwa kwenye foleni, kijana ameshika vitoto viwili kwapani na kukuapia kuwa ni "Jamani pyua".

Mteja wangu mmoja alinunua hivyo. Kitoto hakijafika hata wiki tano. Mtoto wa mbwa haifai kuachishwa mama kabla ya wiki nane. Siku ya tatu kikaanza kuhara damu. Parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia matumbo. Kikafa. Mteja akaomboleza, na wiki mbili baadaye akanunua kingine, pale pale, akakiweka kwenye kibanda kile kile. Kikafa. Alinijia wakati wa tatu, pesa mkononi, akaniuliza kama amerogwa. Nikamwambia ndugu yangu, hujarogwa. Hicho kirusi hukaa kwenye udongo na mbao kwa miezi mingi, na wewe unakiletea chakula. Tukapiga deki kwa jiki, tukachoma matandiko, na nikamtuma aende akachukue mbwa mzima aliyekwisha chanjwa. Alikasirika. Alisema, "Nimetoka kwa German Shepherd sasa unanipeleka kwa koko?" Akaenda lakini. Nitawarudishia habari zake.

Maana swali kubwa ninaloulizwa ni hili: daktari, niambie aina gani ni mkali, aina gani ni mpole kwa watoto? Watu wanadhani tabia huja imefungwa kwenye jina kama bei ya soda kwenye kifuniko. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000. Walilinganisha aina na tabia, na wakakuta aina inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Zilizobaki zimo kwa mbwa mwenyewe, malezi yake na maisha aliyopitia. Wazee wetu hawakuhitaji mbwa 18,000. Walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Tazama msasi.

Na hapa niseme jambo la mnyororo. Mtu anamfunga mbwa mchana kutwa nyuma ya nyumba, jua na mvua, hakuna anayemsemesha ila kijana wa kazi akimsukumia sufuria kwa mguu; usiku anamfungua na kusema ana mlinzi. Huyo si mlinzi. Huyo ni mfungwa aliyepewa saa za kutoka. Siku mnyororo utakapokatika, atakayeumwa si mwizi, ni mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Waulizeni masoja wa mtaa huu wanataka mbwa gani usiku. Watawaambia: anayesikia mapema na anayewajua wenyeji. Koko wawili waliolala kwenye sakafu ya geti hugundua mtu kabla hajafika kwenye taa.

Sasa, jinsi ya kumchukua. Wengine husema kuasili. Mimi neno hilo naliachia watoto wa binadamu. Hapa Nairobi wengi mnalijua KSPCA, pale Karen, barabara ya Langata. Ni chama cha siku nyingi cha kutetea wanyama, na uwanjani mwao utakuta mbwa, paka, wakati mwingine hata punda. Mbwa wengi ni hawa hawa wa kienyeji: waliogongwa na pikipiki, walioachwa wenye nyumba wakihama, waliotupwa getini usiku ndani ya katoni. Ukienda usitarajie kuingia na kutoka na mbwa kama unanunua mkate. Watakuuliza maswali. Una ukuta? Mpangishaji ameruhusu? Nani atakuwa nyumbani mchana? Wanaweza kutaka kuona unapoishi. Najua sisi hatupendi kuulizwa, hasa tukiwa tunatoa pesa zetu. Lakini mchumba nawe si ulimfanyia upelelezi? Unachopata ni mbwa aliyechanjwa, aliyetolewa minyoo, aliyefungwa kizazi, na, hili ndilo watu hawalioni, mbwa mzima ambaye ukubwa wake unauona na tabia yake inajulikana kwa wanaomlisha. Waulize wao. Waambie: nina watoto wawili na mama mzee mwenye fimbo, nipeni anayefaa. Usichague kwa rangi. Na usimchague yule anayekurukia wa kwanza tu; mara nyingi yule aliyekaa nyuma akikutazama kwa upande ndiye atakayekaa na wewe miaka kumi na tatu.

Nendeni mara mbili. Mara ya kwanza mwende na watoto, ya pili mwende bila wao.

Akifika nyumbani, mpe muda. Sisi tulio kwenye kazi hii huhesabu siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu. Siku tatu za kwanza atakuwa na hofu, huenda asile, huenda ajifiche chini ya gari. Muache. Usimwogeshe siku hiyo, usiite majirani waje kumwona, usimpe jina la fujo. Wiki ya tatu ameshajua saa ya chakula na mlango wa jikoni, na ndipo vituko huanza, kwa sababu sasa amejisikia yuko kwao. Hapo ndipo watu wengi humrudisha. Vumilia kidogo tu. Ifikapo miezi mitatu utakuwa hukumbuki nyumba ilikuwaje kabla yake.

Chakula: ugali na omena vinamfaa, matumbo yaliyochemshwa yanamfaa, lakini ugali mtupu kila siku ni njaa iliyoshiba. Mifupa ya kuku iliyopikwa humpasukia tumboni. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Kupe wa mtaa huu nawajua, nimewatoa wengi. Usipowadhibiti watamletea homa ya kumaliza damu.

Paka nao wamo makaoni, wengi. Mwenye nyumba ya ghorofa achukue paka. Nimemaliza ya paka.

Ndugu zetu Waislamu walio hapa, wamenieleza wasiwasi wao, na ni haki: mate ya mbwa yana hukumu yake, na si vizuri mbwa wa jirani akuvizie ukitoka kutawadha. Mwenye mbwa amfunze kutovuka geti. Ukimchezea mbwa ataingia nawe msikitini, wahenga walisema, nami naongeza, msikitini kwa mwenzako. Lakini ni sheikh mmoja wa mtaa huu huu aliyenikumbusha hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji kwa ajili ya mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Tangu siku hiyo karibu na geti lake pana kopo la maji. Mbwa hajaingia ndani hata siku moja.

Sasa yale ya uzito. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ni siku aliyofariki mwanasayansi Mfaransa, Louis Pasteur, mwaka 1895, mwaka ule ule ambao wale Basenji wa kwanza walionyeshwa London. Yeye ndiye aliyetupa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kenya iligundua kichaa hicho kwa mbwa mmoja viungani mwa Nairobi mwaka 1912, na hakijatoka. Duniani kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Dalili zikishatokea, hakuna daktari atakayekurudisha. Kwa hiyo ukiumwa, hata ikiwa ni mkwaruzo, hata ikiwa ni mbwa unayemjua: maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano kamili kwa saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Si pilipili, si mafuta ya taa, si unyoya wa mbwa aliyekuuma.

Kuna waliopendekeza kwenye kikao kilichopita tuwatilie sumu wale tisa. Nawasihi msifanye, na sisemi kwa huruma tu. Jalala lipo. Ukiua tisa, kabla ya mvua nyingine watakuja wengine kumi, na hao kumi hamjui walikotoka wala kama wamechanjwa. Kinachofaa ni kuchanja: ikiwa saba katika kila mbwa kumi wana chanjo, ugonjwa hukosa pa kupitia. Kisiwani Pemba walifanya hivyo. Kichaa kikatoweka mwaka 2014. Kikarudishwa 2016 chanjo zilipolegea. Wakachanja tena, na kufikia 2018 kilikuwa kimeondoka kwa mara ya pili. Ni chanjo iliyowafikisha hapo.

Na kuhasi. Nikitamka neno hili huwa naona wanaume wa safu ya mbele wakikunja miguu. Jamani, halikuhusu wewe. Jike hubeba mimba kama siku 63. Anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, watoto watano, sita. Hao ndio mnaowakuta kwenye katoni. Mnaniambia dume akihasiwa atakuwa goigoi hatalinda. Mbwa halindi kwa sehemu hizo. Hulinda kwa masikio, pua na mapenzi ya nyumba.

Yule mteja wangu wa parvo. Alimchukua jike wa miaka minne, rangi ya ugali wa mtama, sikio moja limekatika. Alimwita Basi, kwa sababu mkewe alipomwona alisema, "Basi, umefikia hapa?" Wiki ya kwanza hakumpenda. Mwezi wa tano akanipigia saa tisa usiku, nikadhani mbwa ameumwa. La, alitaka kuniambia kuwa Basi amebweka hadi wakaamka, wakakuta mtungi wa gesi unavuja jikoni. Sasa ameandika kibao chake mwenyewe getini, ameniahidi ataniletea picha: MBWA MPOLE, LAKINI ANASIKIA. Ile m ameiweka.

Meza ya chanjo iko pale kivulini chini ya mwembe, na wenzangu watakaa hadi saa nane. Wale tisa tutawachanja wenyewe jioni, naomba vijana wanne wasioogopa kunisaidia kuwashika. Sasa maswali. Tuanze na mama yule wa nyuma, aliyeinua mkono tangu nilipotaja matumbo.